Pono Ishirini wa Mjomba

Dada,

Nakusalimu ingawa barua zangu hujibu. Mimi mzima, na sasa hapa kazini hakuna anayenishinda kupiga mbizi. Usicheke, najua shule niliikimbia.

Habari ni za baba yako. Kazi yake ya miaka thelathini unaijua: tunatandaza kamba kwenye matumbawe, kila mmoja anahesabu samaki upande wake na kuandika kwa penseli kwenye kibao cha plastiki. Juzi tulipopanda mashuani nikachungulia kibao chake. Ameandika samaki aina ya pono ishirini. Dada, matumbawe yamekufa yote, na kwa haya macho yangu makali sikuona pono hata mmoja.

Nikamtania, "Mjomba, hao umewaona na nani?"

"Siku zote wako hapa."

"Leo hawapo, Mjomba."

Akanipa kibao. "Futa wewe. Mimi nimechoka."

Nikafuta, nikaandika sifuri, mbaya kama yai lililopasuka. Hakunisahihisha.

Tangu siku hiyo anashinda kitandani, kaugeukia ukuta. Njoo, Dada. Kuhesabu samaki naweza. Kumwinua baba yako kumenishinda.

Ni mimi, mdomo mrefu wako.