Upindo Nilioufumua

Mtaa wa Wafuma Hariri,
Margilan.
19 Mei

Mpendwa mwanangu Sanobar,

Pokea salamu za nyumbani, wewe na mwenzio Otabek, na huyo ambaye bado hatujamjua kwa jina. Miguu imepungua kuvimba? Unakula, au unaonjaonja tu? Na hao watu wa Samara, wanajua kupika chai au wanakupa maji ya moto yenye rangi? Sisi huku ni wazima. Mgongo wangu unalalamika asubuhi, ikifika adhuhuri unasahau.

Usishtuke kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu bado naongea kama niko stesheni, nakatakata maneno halafu nakata na simu yenyewe. Isitoshe kuna kifurushi. Hoshim wa nyumba ya kona anarudi huko kazini Jumatatu, ndiye atakayekuletea.

Forosadi zimeiva. Zinadondoka uani mchana kutwa, nyeupe, nami nimeziacha tu zidondoke. Cherehani ya marehemu mama yako nimeitoa barazani, kwenye mwanga. Nikianza kukanyaga, sauti ile inanichukua, namwona amekaa pembeni na pini mdomoni, akinitazama kwa jicho lake la haya-tuone. Sijui huwa nasinzia au niko macho. Juzi nilishona muda mrefu hivyo hivyo, kumbe uzi ulikwisha zamani, sindano inatoboa kitambaa bure.

Ndiyo, ninashona. Cheka sasa umalize, halafu uendelee kusoma.

Ilianza na suruali. Tangu mama yako aondoke nimepungua, zote zilikuwa zinanivuka. Fundi wa sokoni akaniambia rudi baada ya wiki mbili, nikarudi, akaniambia tena wiki mbili. Bibi yako Oyimhon akasikia, akaja kukaa barazani kunifundisha mimi mkwe wake. Macho yamemwishia lakini ulimi uko palepale. Anapapasa mshono kwa kidole na kutoa hukumu. Suruali ya kwanza mguu mmoja ulitoka mfupi kuliko wa pili. Akaipapasa, akasema, "Mkwe, hii utaivaa ukiwa umesimama mlimani."

Sasa najua kupunguza kiuno na kuachia mshono, na kwa kupinda ndiyo usiniambie kitu. Majirani wananiletea sketi za shule za binti zao. Wenzangu pale tunapokunywa chai wananiita Mama Mirzohid, nami naitika.

Basi nije kwenye jambo lenyewe. Ulipotuambia una mimba ulituomba tusiandae chochote. Nilikuelewa. Lakini Bibi alifika siku moja na lile gauni lake la hariri ya bluu, akaniwekea magotini. "Nina miaka tisini na miwili," akasema. "Kata." Alitaka shati la arobaini la mtoto, maana unajua kwetu linakatwa kwenye nguo ya mtu aliyeishi sana, mtoto naye apate miaka mingi. Mama yako ndiye angelishona. Hayupo, nimebaki mimi.

Nikafungua sanduku kutafuta kipimo, nikalikuta shati lile la kwanza, alilomshonea yule wako wa kwanza. Halikuwa na upindo. Chini na mikononi nyuzi zilikuwa zinaning'inia. Nilikaa nalo mpaka chai yangu ikapoa. Nikajiambia, habari ilimkuta katikati ya kazi, akaweka sindano chini, hakuweza tena. Miaka minne nyumba hii ilikuwa na shati lisilokwisha, nami sina habari. Nikaapa kwamba hili jipya nitalimaliza mpaka uzi wa mwisho.

Nikalimaliza kweli. Nililipinda upindo mwembamba, mara mbili, uzi wa rangi ileile, kwa mkono. Ilinichukua siku mbili. Nikampelekea Bibi nikiwa nimevimba kichwa. Kidole chake kikapita pembeni, kikasimama.

"Umelifunga," akasema.

"Nimelipinda, mama. Si limetoka vizuri?"

"Shati la arobaini halipindwi. Linaachwa wazi, maisha ya mtoto yasije yakawekewa mwisho. Umekaa na binti yangu miaka thelathini na minne, hukuona hata siku moja? Hata la Sanobar halikupindwa."

Sikuona. Nilikuwa kazini kwenye treni zangu, nikirudi nakuta watoto wameshavalishwa.

Nikachukua wembe nikaanza kufumua, mshono mmoja mmoja, nisije nikachana hariri. Nilikuwa nimefika nusu ndipo nikaelewa, nikaweka wembe chini. Lile shati la sandukuni halikukatizwa. Mama yako alikuwa amelimaliza. Kila mshono aliotaka kuuweka aliuweka, likakunjwa, likawa tayari linamsubiri yule. Nililia, Sanobar, mbele ya mama mkwe wangu, na hakuniambia ninyamaze.

Kuna neno sijawahi kukuambia. Siku ile ulipopiga simu kutoka hospitali nilisema, "Mungu atakupa mwingine," nikakata. Ulikaa miezi mitatu bila kunipigia, nami nikaona umeninunia bure. Hukuninunia bure. Yule alikuwa mjukuu wangu kwa siku zake zote mbili, na huyu hakuja kuchukua nafasi yake. Shati lake litabaki sandukuni kwa sababu ni lake. Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa naogopa kukusikia ukilia, basi.

Hili jipya limo kwenye kifurushi, upindo nimeufumua wote. Ukilishika kwenye dirisha utaona vitundu vya sindano kuzunguka pembeni. Nilitaka kutafuta kitambaa kingine, Bibi akagoma. "Acha mtoto ajue babu yake alihangaika," akasema. Kama unaogopa kulifungua kabla ya siku yake, usilifungue. Liache limefungwa, uwe unajua tu kwamba lipo.

Mkate na forosadi kavu ni vya wewe na Otabek. Msalimie, umwambie nikisikia unabeba ndoo nitapanda treni nije mwenyewe. Bibi anakusalimu, anasema ulale ubavu wa kushoto na usibishane naye. Mungu akujalie ujifungue salama, na kilio cha kwanza kiwe cha mtoto tu.

Uzi wa bluu uliobaki nimeuacha kwenye sindano, nimeichomeka kwenye kimto cha pini cha mama yako. Arobaini ikiisha, mlete. Suruali yake ya kwanza itakuwa ndefu, zote huwa ndefu, na hiyo nitaipinda mimi.

Ni mimi baba yako, ninayekupenda na niliyechelewa kukuambia,

Mirzohid