Sauti ya Kujibu Mlangoni kwa Bibi Hine

Mama Neema,

Nina miaka sabini na tatu. Nimepita vita viwili, kambi ya wakimbizi, malori manne yaliyofia mikononi mwangu, meno yote ya juu, na daktari aliyeniambia niache chumvi. Yeye mwenyewe tulimzika. Korona ilinigusa ikaniacha. Na sasa nimekupita na wewe. Hatukupatana hivyo.

Nakuandikia nimesimama, karatasi iko juu ya kabati la jikoni. Nikikaa, miguu inaniamsha. Valizi imefungwa, iko mlangoni. Asubuhi naitoa mpaka getini, naangalia barabara, nairudisha. Jirani yetu Mvietinamu aliniuliza kwa mkono, unakwenda wapi? Nikamwonyesha juu. Akamwita mke wake waje kuniangalia wawili. Juzi niliendesha gari kutoka hapa Fairfield, Australia, mpaka Ingleburn na kurudi, bila kazi yoyote, maana gari linatembea na nyumba haitembei.

Sababu unaijua. Hatukukulilia.

Tulikuzika watu kumi, ndiyo sheria ilivyosema. Maski usoni, kuimba hapana, kukumbatiana hapana. Wamama wa kanisa walikuangalia kwenye simu, kila mmoja jikoni kwake. Wewe! Wewe uliyeongoza kilio cha kila mtu wetu, kutoka Uvira mpaka huku! Nimeona misiba mingi, lakini mkavu namna ile, hapana. Tangu siku hiyo sikai.

Halafu Bibi Hine akapiga simu.

Najua umecheka sasa, umekumbuka. Safari yetu, ile miezi walipofungua mlango kidogo kati ya Australia na New Zealand, kabla ugonjwa haujarudi na kukuchukua. Tama, Mmaori, mwenyeji wa asili wa kule, anayefanya kazi na mkwe wetu ghalani, alituambia tusizunguke visiwa vyote viwili bila kulala kwa mama yake, huyo Bibi Hine. Nikakodi lile gari lenye kitanda ndani. Milima yenye theluji, maziwa ya rangi ya sabuni ya bluu, barabara zinazojikunja kama utumbo, na wazungu wanatambaa kwa woga. Mimi niliwapita wote. Mtu aliyeshusha lori la mihogo mteremko wa Ngomo kule kwetu wakati wa mvua, bila breki, atishwe na nini? Wewe ulishika mlango kwa mikono miwili. "Baba Neema, polepole, leo umebeba mtu, hukubeba mihogo!"

Ulipiga kasia ziwani kama mtoto wa Tanganyika, mimi nikabaki ufukweni kulinda viatu. Na pale darajani wanapowafunga watu kamba miguuni wakaruka, nilikuwa nimeshamwahidi mchungaji kwamba nitaruka. Nilivaa kamba. Nilisogea mpaka ukingoni. Goti ndilo lililokataa, moyo ulikuwa tayari. Ukacheka mpaka ukakaa chini: "Goti lako lina akili kuliko kichwa chako, mzee." Mpaka leo nasema ni goti.

Lakini kwa Bibi Hine, pale hukucheka. Tulisimama getini, na ile nyumba yao kubwa ya mikutano iko mbele, imechongwa sura za mababu kila nguzo. Mimi, kama baba wa nyumba, nikatangulia. Nilishapiga hatua ukanivuta koti. "Simama! Wanaita wanawake, wewe hujaitwa." Kweli, kikongwe alikuwa amesimama barazani anaita, sauti nyembamba, ndefu, kama mtu anayevuta kamba kutoka kisimani. Tama alikuwa ametuambia, mimi sikusikiliza: kwao mgeni haingii mpaka mwanamke wa upande wake ajibu. Na upande wetu mwanamke ulikuwa wewe tu.

Ukajibu. Kwa Kifuliru, lugha ya kwetu. Ukawaita wafu wako mmoja mmoja, mama yako, dada zako, mtoto wetu tuliyemwacha njiani. Tukatembea huku unaita, nami nyuma yako kama mkia. Wale wabibi hawakujua neno hata moja, na wote walilia.

Kisha wakatugusisha pua, paji kwa paji, tukavuta pumzi moja. Dunia nzima inaogopa pumzi ya mwenzake, wao wakatupa ya kwao. Walinisifu pua. Wakanipa nafasi ya kusema, nikasimulia maisha yangu kwa Kiswahili, vizuri sana, na nilikuwa bado sijatoka Bukavu ulipoanza kuimba ukanikata. Nilikasirika. Bibi Hine akapiga makofi: kumbe na kwao mwanaume akirefusha, wanawake wanamkata kwa wimbo! Mkaangaliana kama mashoga wa zamani. Jioni wakafukua nyama na viazi vilivyoiva ardhini juu ya mawe ya moto, ukala, ukasema hapa siyo ugenini.

Sasa amepiga simu. Amesema: mlete. Kwao aliyekufa hubebwa picha yake, akapelekwa kila mahali walipompenda, akaliliwa pale. Amesema wewe ulilala kwenye nyumba yao, kwa hiyo wana deni la machozi. Tulingoja mpaka ule mlango wa nchi mbili ufunguliwe tena. Umefunguliwa. Alhamisi tunapanda ndege.

Shida ikawa sauti. Nani atajibu mlangoni? Tama akasema hakuna neno, dada yake atasimama upande wangu. Nikakataa. Uliingia kwa sauti ya nyumba yako, hutaingia kwa sauti ya kuazima. Nikamwambia Neema ajibu yeye. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hawezi, hajui maneno, ataona haya. Nikamkaripia. Akaondoka, simu hakupokea. Nikasema basi, nimeharibu, Mama Neema atabaki nje ya geti.

Jana alikuja kunichukua twende Auburn kununua mchele. Tulipofika akazima injini, hakushuka. Akafumba macho akaanza kuita. Kifuliru chake kimevunjika kama sahani, na sauti ni yako, sijui aliificha wapi. Akamwita bibi yake. Akawaita mama zake wadogo. Akamwita kaka yake ambaye hakuwahi kumwona, yule wa njiani. Halafu mwishoni akaongeza jina moja, la kwako, pale kwenye mstari na wengine.

Mchele hatukununua.

Kwa hiyo lala, Mama Neema. Nakuahidi sitatangulia. Neema atakuwa mbele, mimi nyuma na picha yako kifuani, ile ya kitenge cha njano. Nitasimama mpaka niitwe. Nitasema kifupi, na Neema ana ruhusa ya kunikata hata nikiwa Bukavu. Nikirudi, nitakaa.

Kama huko uliko kuna wanaobisha, wamuulize Bibi Hine jinsi ulivyojibu, na Tama juu ya uendeshaji wangu. Yule kijana aliyenifunga kamba darajani wasimuulize, ni mwongo. Na kwamba nililia Auburn, madirisha yote ya gari yamefungwa, shahidi ni Neema peke yake, naye nimemkataza kusema.

Mume wako,
Baba Neema