Sehemu Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 12 Juni

Siku tisa za ndoa! Nimeamka nikamkuta ananitazama. Eti anahakikisha bado nipo. Niende wapi mimi? Asante, Mungu. Asante tena.

Nimerudi kazini. Timu ni ileile: Dakta, mkuu wetu, na miwani yake ya kamba, dereva tunayemwita Breki kwa sababu hazikanyagi, na mimi, mbeba vichupa. Breki aliponiona tu akapiga honi kama msafara wa harusi, nusu ya ofisi ikachungulia madirishani. Aibu! (Nilifurahi.)

Naiandika kazi yetu hapa, nije niikumbuke nikiwa bibi kizee. Ng'ambo ya kilima kuna kituo cha utafiti wa nyuklia. Kina kinu kidogo, na humo hutengenezwa dawa za hospitali. Leseni yake inaisha. Kabla haijaongezwa, sisi tunapima kama kinachafua mazingira: maji ya mto, nyasi, maziwa, udongo, majitaka. Tuna sehemu kumi na tatu kukizunguka. Leo Dakta akataka ya kumi na nne, mbali na kituo, ambako chochote cha kituoni hakiwezi kufika. Sehemu safi ya kulinganishia. Nani ana pendekezo?

Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe. Mtaa wetu! Uko upande wa pili wa kilima, na bomba letu la majitaka haliungani na la kituo. Yote kweli tupu. Kweli moja sikuitaja — karakana ya majokofu ya mume wangu iko hatua ishirini kutoka kwenye chemba ya bomba hilo. Nitakuwa namwona saa za kazi!

Doa moja tu. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, aliondoka siku tatu baada ya harusi kwenda kwa mdogo wake. Karudi juzi. Nilimkimbilia nimpe mkono, akaurudisha wake nyuma. "Nimekuona, mwanangu, nimekuona," akasema, akaingia chumbani kwake. Uchovu wa safari, bila shaka.

Jumanne, 13 Juni

Tumechota namba kumi na nne. Mfuniko wa chemba haukukubali kufunguka, Breki kajaribu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akaja mume wangu na mtaimbo wake. Mara moja tu — kraa! — ukafunguka. Nilisimama na kamba na kopo mkononi, natabasamu juu ya majitaka kama nanusa waridi.

Breki: "Shemeji, rudi nyuma. Msije mkadondosha mapenzi humo, vipimo vikaharibika."

Nimeandika lebo kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

Alhamisi, 15 Juni

Leo nimelia. Nimelia jikoni, bomba limefunguliwa ili nisisikike.

Mama hanitaki karibu. Siyo uchovu tena. Ana kikombe chake, sahani yake, kijiko chake, na akimaliza anaosha mwenyewe. Nguo zake hataki niziguse. Chooni anamwaga maji mara mbili, kama vile hata choo tunachotumia wote kinamkera. Leo nimeketi naye kwenye benchi la uani, akainuka kama benchi limewaka moto. Akaendelea kuzungumza nami akiwa mlangoni, mtandio umezungushwa shingoni, na joto lote hili.

Nimempigia wifi nimwombe ushauri. Akasema Mama hupenda watu wanaoingia taratibu, labda mimi nimeingia na tarumbeta. Asante kwa ushauri, wifi.

Mume wangu kanifuta uso kwa kitambaa chake chenye grisi. Sasa nina masharubu. Akasema mtu hashoni shanga mia mbili kwa mkono kwenye gauni la harusi la mtu asiyempenda. Kweli, Mama ndiye aliyelishona. Vipimo vitatu, na kila mara alinipulizia shingoni nisiwashwe na uzi. Sasa nimekosa nini? "Hata mimi jana kanifukuza," akasema, "eti nanuka gesi."

Nashukuru kwa masharubu. Nashukuru kwa yeye.

Jumatatu, 19 Juni

Majibu ya maabara yametoka. Sehemu kumi na tatu, hata ile iliyo chini ya ukuta wa kituo: hakuna kitu. Namba kumi na nne: iodini ya mionzi!

Mtaa wetu. Sehemu safi ndiyo pekee iliyochafuka.

Breki: "Hongera, bibi harusi. Umetuchagulia vizuri."

Dakta akafunga mlango. Akasema kiasi ni kidogo, hakimdhuru mtu, swali ni kimetoka wapi. Njia ziko mbili. Ama kituo kinavuja kwa njia tusiyoijua, ama kwenye nyumba za bomba lile anaishi mgonjwa aliyetibiwa tezi kwa iodini hiyohiyo, maana ni dawa pia, na huwa inatoka kwa mkojo. Amepiga simu hospitali. Majina hawatoi, lakini wamemwambia waliotibiwa mwezi huu hakuna hata mmoja aliyeandikishwa mtaa wetu.

Kwa hiyo imebaki njia moja. Ijumaa saa tatu asubuhi kuna mkutano wa wananchi, na ripoti itasomwa. Kama ilivyo sasa itasema chanzo hakijulikani, uvujaji unawezekana. Kinu kitazimwa mpaka ijulikane, na wanaosubiri dawa wataendelea kusubiri. "Nikificha nimewadanganya wenye mtaa," Dakta akasema. "Nikiandika nusu nimewadanganya wagonjwa."

Nikaungama kwa nini niliuchagua mtaa wetu. Mpaka habari ya hatua ishirini! Dakta alivua miwani, akacheka kidogo, akasema sababu zangu nyingine zilikuwa sahihi, hiyo moja ataisamehe.

Kisha nikauliza, kwa kuuliza tu, mgonjwa kama huyo akirudi nyumbani huishije. Akahesabu kwa vidole. Anakaa mbali na watoto na wajawazito. Hatumii chombo kimoja na wenzake. Anafua nguo zake peke yake. Chooni anamwaga maji mara mbili—

Sikusikia kilichofuata.

Jumanne, 20 Juni

Nimeongea na Mama.

Nilimsubiri mume wangu aende karakana. Nikasimama uani, yeye mlangoni kwake, kati yetu kamba ya nguo. Nikasema: "Mama, mdogo wako alikupeleka hospitali?"

Alichungulia lango kama limefungwa. Kisha akalegeza mtandio. Tezi ya shingo, imevimba, kama yai limemezwa likakwama. Jamani! Miezi yote hii, na harusini alivaa kola ndefu tukamsifia kwa kwenda na mtindo!

Aliambiwa mwezi wa tatu atibiwe. Akaahirisha. "Ningemwambia mume wako, angefuta harusi," akasema. "Baba yake aliingia hospitali kwa miguu yake akatolewa na watu. Mwanangu akisikia hospitali, anakuwa mtoto. Nikasema kwanza nimwone ameoa." Hospitali akaandikisha anwani ya mdogo wake, barua isije ikafika hapa. Ndiyo maana mtaa wetu haumo!

Nikauliza lile lililoniliza. Mbona mimi, Mama? Mbona hukutaka hata mkono wangu?

"Waliniambia nikae mbali na watoto na wajawazito. Nikamuuliza muuguzi, na bibi harusi wa wiki moja? Akacheka, akasema huyo bado. Nikamwambia, mimi namhesabu."

Ananihesabu! Kila nilipomsogelea alikuwa anamkinga mtu ambaye hata hajafika. Na mimi nikadhani ananichukia. Nililia tena, safari hii mbele yake, na bila bomba. Nilitaka kumrukia shingoni. Akainua kiganja: "Hapohapo! Zimebaki siku kumi. Utanikumbatia mpaka uchoke."

Nikamweleza habari ya chemba, ripoti, kinu. Alisikiliza yote. Akauliza kama ni kinu hichohicho kilichotengeneza dawa yake. Nikasema ndiyo. Akakaza mtandio. "Usimwambie mume wako," akasema. "Naomba."

Nimeahidi. Ahadi yangu ya kwanza kwake, na siri yangu ya kwanza kwa mume wangu. Zote kwa siku moja.

Jumatano, 21 Juni

Nimemuuliza Dakta: kama angekuwepo mtu, ila hataki kujulikana? Hakuniuliza ni nani. Mungu amzidishie. Akasema jina hana haja nalo. Anataka kichupa kimoja cha mkojo kutoka nyumba yoyote ya bomba lile. Kikifika maabara Ijumaa kabla ya saa mbili, atakuwa na jibu kabla ya mkutano. Neno langu tupu hawezi kuliandika kwenye ripoti.

Nimempa Mama maneno hayo kama yalivyo, kupitia dirishani. Akavuta pazia. Sikumsukuma. Mwili ni wake.

Alhamisi, 22 Juni

Mtaa unachemka. Habari ya chemba imeshavuja kuliko kinu chenyewe. Jirani kaziba bomba lake la kuogea kwa tambara. Mwingine kamzuia mwanawe asicheze barabarani.

Na mume wangu — jamani, mume wangu! Kaandika hotuba. Kurasa mbili, wino mwekundu. Kesho atasimama mkutanoni adai kituo kifungwe. Kanisomea jioni, mkono mmoja hewani. "Wametuchafulia mtaa nilikomleta mke wangu!" Nilimpenda mpaka nikaona aibu. Analipigania jambo zuri, kwa ajili yangu, na amekosea kabisa, na mdomo wangu umefungwa kwa ahadi.

"Mbona kimya?" akauliza. "Haijafika moyoni?"

Nikasema imefika. Si uongo.

Mlango wa Mama ulikuwa wazi kidogo. Ukafungwa polepole.

Ijumaa, 23 Juni

Saa moja na dakika ishirini. Naandika nimekaa kitandani, viatu miguuni, nangoja honi.

Saa kumi na mbili Mama aligonga dirisha letu, upande wangu. Mume wangu alikuwa anaoga. "Niletee hicho kichupa chako cha kazi," akasema. "Kilicho safi." Nikamwekea juu ya ukuta wa uani, nikarudi nyuma, akakichukua. Akanitania: "Lebo uandike wewe, mwandiko wako una maringo." Nimeandika 14 B. Jina hakuna.

Nilidhani atakirudisha juu ya ukuta, mimi nikiweke kwenye mfuko wangu, basi. Ningebeba kichupa na siri, nikakaa pembeni nikimsikiliza mume wangu akisoma kurasa zake mbili.

Lakini nasikia hatua zake. Hakwenda ukutani. Ameingia ndani, mpaka sebuleni, kwa mara ya kwanza tangu arudi. Mume wangu yuko pale, shati limepigwa pasi, karatasi mkononi, anarudia ule mstari wa mke. Amekatiza katikati.

"Mama, hicho cha nini?"

Kutoka hapa namwona Mama kwenye kioo cha kabati. Amesimama mbali naye, kichupa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine anavua mtandio. Anaukunja vizuri, pembe kwa pembe, kama kitambaa cha mteja.

"Weka hiyo karatasi, mwanangu. Keti. Hapohapo, usinisogelee."

Ee Mungu, asante kwa mwanamke huyu.

Honi. Breki amefika, na leo amewahi. Mume wangu bado amesimama.