Kopo la Bibi na Kopo la Mtani

Goweko,
Jumapili, tarehe 10 Agosti

Bibi,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitakuja, lakini sijawahi kuanza kusema nawe bila shikamoo na leo sitaanza. Nimekaa kwenye kigoda chako nje ya jiko. Nimejiapiza kwamba sitainuka hapa mpaka nikueleze yote, pamoja na lile la kadi, ambalo sikukuambia ulipokuwa hai.

Nianze na ya nyumbani. Shangazi Monika amehamia hapa kutoka mjini Tabora ili nisikae peke yangu. Anapika vizuri, ila michembe ya viazi alikuwa anaichemsha bila karanga, nami sikuthubutu kumwambia. Kuku wako mwekundu ametotoa, na mwewe amekwisha chukua vifaranga wawili. Kitanda chako bado kimetandikwa shuka ile ya maua. Hakuna anayelala hapo.

Hakuna anayeniita mke mwenza, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nikirudi shuleni Shangazi husema, "Pole na masomo, Milembe." Ni salamu njema. Lakini wewe ulikuwa ukisema, "Mke mwenzangu, mume wetu ametuachia kazi yote, njoo tutwange." Babu alikufa kabla sijazaliwa, na bado tulikuwa tunamgombania.

Sasa nifike kwenye makopo.

Unakumbuka siku ile ya kura pale zahanati? Wazee wenye presha mliitwa, na Dada Roza, muuguzi wa utafiti, akawaeleza kwamba kila mtu ataendelea na dawa yake ya siku zote, na juu yake ataongezewa kidonge kimoja kila siku kutoka kwenye kopo jeupe. Makopo mengine yana dawa mpya inayojaribiwa. Mengine yana kidonge kinachofanana nayo kwa rangi na ukubwa, ila ndani hamna dawa. Kura ndiyo inayoamua nani apate lipi. Hata yeye Dada Roza anajua namba ya kopo tu, na siri ya namba imefungiwa mbali.

Ukauliza mbele ya watu wote, "Sasa mwanangu, mnatuficha ili iweje?"

Akakujibu kwamba mtu akijua amepewa dawa, moyo wake hutulia, na presha inaweza kushuka kwa kule kutulia tu. Na anayepima akijua, jicho lake litapendelea. Ukatikisa kichwa. "Kumbe na nyinyi hamjiamini!" Watu wakacheka, nawe ukatia kidole gumba kwenye karatasi.

Nyuma yako kwenye foleni alikuwa Bibi Tabitha, mtani wako. Akapaza sauti: "Mpeni kopo kubwa huyo! Wanyamwezi wamezoea kubeba mizigo ya watu mpaka pwani!" Nawe bila kugeuka: "Mgogo, nyamaza, usije ukatutoza hongo ya maji ya kumezea!" Misafara ile, pamoja na hongo ambayo Wagogo waliwatoza wapitaji, ilikwisha kabla hata nyinyi hamjazaliwa, lakini mlivyokuwa mkizungumza, mtu angedhani mababu zenu wamegombana kisimani jana.

Kadi yako nikapewa mimi, kwa kuwa macho yako hayakuona maandishi. Kila siku ukimeza kidonge, niweke vema kwenye kiboksi cha siku hiyo. Ilikuwa kazi ndogo kuliko zote hapa nyumbani.

Ulianguka Jumanne, mimi nikiwa darasani. Walisema ni kiharusi. Alhamisi hukuwepo tena.

Siku ya mazishi watani walifanya yao, unawajua. Bibi Tabitha alivaa gauni lako la kwaya, akafunga kanga yako kiunoni, akajilaza mlangoni ili jeneza lisipite. Walipombembeleza akainuka, akatoa kopo jeupe kifuani, akalitikisa kama manyanga. "Mnyamwezi mjanja huyu! Kopo lake nakula mimi, kopo langu anakula yeye! Kila Jumapili tukitoka kanisani tunabadilishana, na daktari hajui! Haya, amka useme naongopa!"

Waombolezaji walicheka. Shangazi alishika mbavu huku machozi yanamtoka. Ndivyo inavyotakiwa, mtani auchekeshe msiba. Mimi pia nilicheka. Kisha nikaacha.

Tulipokwisha kuanua matanga, nilitoa kopo lililokuwa chini ya mto wako, nikaliweka kando ya kadi. Namba ya kopo na ya kadi hazikufanana. Wiki yako ya mwisho ulikuwa unameza vya Bibi Tabitha, naye vyako.

Na hapa ndipo penye aibu yangu, Bibi. Kadi yako imejaa vema toka juu mpaka chini. Sikuwa nakutazama. Wiki za kwanza nilikuuliza, ukanijibu, "Nimeshameza, mke mwenzangu, andika." Baadaye nikaacha hata kuuliza. Nilikuwa nakaa Jumamosi na kuweka vema za wiki nzima kwa pamoja, na ukizitazama zimelala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Ningekutazama ukimeza siku moja tu, ningeiona namba. Mimi, ambaye walimu hunisifu kwa daftari safi.

Nilikaa na jambo hilo kama mwenye mwiba asiyetaka kuchechemea mbele za watu. Kisha siku moja Mwalimu Zainabu, wa hesabu, alitupeleka kwenye bustani ya shule. Tulikuwa tumepanda matuta ya mchicha, mengine yenye samadi na mengine hayana, na kila tuta lilikuwa na kibao chake. Nikamwuliza, "Mwalimu, na kama kuna mtu amehamisha vibao?"

Akanitazama. "Basi mchicha utaota kama unavyoota, ila sisi tutajifunza uongo. Na tutaufundisha kwa wenzetu tukiamini ni kweli." Halafu akauliza polepole, "Ni nani amehamisha vibao, Milembe?"

Nilimwambia nikilia, nimesimama katikati ya mchicha. Hakunikemea. Alisema wapo watu tusiowajua, wa vijiji vingine, watakaopewa au kunyimwa dawa hiyo kwa sababu ya kadi kama yako. Alisema uamuzi ni wangu na wa nyumbani kwetu.

Nyumbani Shangazi alikataa kabisa. "Maiti hachongewi! Unataka kijiji kizima kiseme Mgogo kamuua mama yangu? Yule alimwosha mama kwa mikono yake. Funga mdomo wako na hiyo kadi uitie motoni."

Sikuitia motoni. Ila sikutaka pia kwenda zahanati kabla ya kumwona mwenyewe, maana siri ilikuwa ya kwake nusu.

Bibi, hungemtambua. Nilimkuta anapepeta mtama uliokwisha kupepetwa. Nikamtania kwa woga, "Mgogo, hongo ya leo ni kiasi gani?" Hakurudisha. Alinionyesha mahali pa kukaa, akaendelea kupepeta. Nilipomweleza habari ya namba, ungo ukasimama mikononi mwake.

"Tulisikia kuna makopo hayana kitu," akasema. "Nikamwambia bibi yako, tusiachie kura. Tukibadilishana kila wiki, mwenye dawa atamwonjesha asiye nayo. Watu wakidhani tulikuwa tunamchezea daktari, basi na wadhani. Tulikuwa tunagawana."

Kisha akaniuliza lile ambalo limekuwa likimla tangu msibani. Kama kopo lako ndilo lililokuwa na dawa, na wiki ile ya mwisho lilikuwa kwake, je, hakumeza uhai wako?

Niliushika ule ungo ili nimpokee kitu. Mwishowe akasema, "Nenda kawaambie. Sema mimi ndiye nilianza. Bibi yako usimtaje vibaya." Akanikabidhi na kopo lililokuwa kwake.

Jumatano Dada Roza alipokuja, nilimpa kadi na makopo yote mawili, nikamweleza kila kitu, pamoja na vema zangu za Jumamosi. Aliweka kalamu chini akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaishika tena, akaandika kila nilichosema, akanisomea ili nihakikishe. Nikamwuliza, "Sasa mtamhamisha Bibi? Mtamweka kwenye kundi gani?"

"Atabaki kwenye kundi alilopangiwa na kura," akasema.

Nilikasirika, Bibi. Nilimwambia, kwa adabu lakini kwa sauti, kwamba huko ni kuendeleza uongo. Akanitolea kiti. Akasema waliobadilishana si sawa na wasiobadilishana. Pengine wana hofu zaidi, pengine ni wagonjwa zaidi, pengine wana rafiki wa kuwajali, na hayo yenyewe yanaweza kumponya mtu au kumwangusha. "Tukianza kumhamisha kila mtu kwa yaliyotokea baadaye, tutakuwa tumechagua sisi. Kura ndiyo pekee isiyompendelea mtu. Tunamwacha pale ilipomweka, kisha tunaandika wazi kwamba mambo yalikwenda hivi. Tukijua walibadilishana, tutajua pia matokeo yetu yamepoteza nguvu kiasi. Tusipojua, tutajidanganya. Umefanya vizuri kuja."

Nimelirudia kichwani mara nyingi neno hilo la kukuacha pale kura ilipokuweka, nikiwa nachota maji, nikiwa kwenye mstari wa shule, na kila nikilirudia nalielewa kidogo zaidi. Mwanzoni niliona anakufungia mahali usipopaswa kuwa. Sasa naona anakataa kukusogeza ili hesabu yake ipendeze.

Lakini nilikuwa na swali lililobaki, lile la ukweli. Nikamwuliza kama dawa ingekuokoa.

Akanijibu: "Mtu mmoja hawezi kujibu swali hilo, Milembe. Wapo wanaomeza dawa wakafa, wapo wasiomeza wakaishi. Ili tujue kwa bibi yako, ingebidi tumrudishe, tumpe kopo jingine siku zile zile, tuone. Hatuwezi. Ndiyo maana tunawaomba watu wengi, wengine wasimame mahali pake." Akaongeza kwamba huenda hata makopo yenu yote mawili yalikuwa ya aina moja, na kubadilishana kwenu hakukubadilisha chochote.

Nilidhani nikisema kweli nitapata kweli mkononi, niibebe nyumbani. Nilitoka na mikono mitupu. Nililia njia nzima mpaka relini, nikaosha uso bombani ili Shangazi asijue. Akajua. Alininunia siku tatu, na ya nne akanipakulia michembe yenye karanga.

Nilipomfikishia Bibi Tabitha maneno ya Dada Roza, alisikiliza akasema, "Basi hata sayansi inasema tungoje." Hajapona moyoni, Bibi. Jumapili akitoka kanisani husimama pale njia panda mlipokuwa mkikutana, husimama kidogo tu, kisha anaendelea.

Bado yumo kwenye utafiti, na kadi yake sasa naijaza mimi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba. Kila asubuhi kabla ya shule napita kwake, nasoma namba ya kopo, nasubiri ameze, anywe maji, afungue mdomo, ndipo naweka vema. Alhamisi iliyopita alikataa, alisema tumbo linamsumbua. Nikakiacha kiboksi hakina kitu. Nilikitazama kiboksi kile njia yote ya kwenda shule. Katika kadi zote mbili nilizowahi kushika, hicho ndicho ninachokiamini kuliko vyote.

Na leo asubuhi, nilipomnyooshea kikombe, alikipokea akanikodolea macho. "Mnyamwezi, toka lini wewe ndiye unamnywesha Mgogo maji? Hongo yako ngapi?" Sikujua nicheke au nilie. Nikamwambia nitaidai siku atakapomaliza kopo.

Nimeamua nitasoma takwimu, Bibi. Mwalimu Zainabu anasema hesabu zangu zinatosha nikiendelea hivi. Nataka niwe yule anayekaa upande wa pili wa meza na kumweleza bibi wa mtu kwa nini tunamficha, mpaka aelewe kweli, asiishie kutia kidole gumba. Pengine mngeelezwa vizuri zaidi, mngejua kwamba kugawana kwenu, kuzuri hivyo, kulikuwa kunamnyima ukweli mtu mwingine msiyemjua. Au mngegawana tu. Nakujua.

Ahadi yangu kwako ni moja: mkono wangu hautaandika tena kitu ambacho macho yangu hayakukiona. Lala salama, mke mwenzangu. Mume wetu mwachie nafasi, usimmalize maneno yote kabla sijafika.

Nakuomba unijibu upesi jambo moja, kwa ndoto au kwa njia yoyote mnayotumia huko. Dada Roza amesema utafiti ukiisha siri ya namba itafunguliwa, na mwenye kutaka ataambiwa kopo lake lilikuwa na nini. Shangazi hataki kusikia, kwa hiyo la kwako nitaambiwa mimi. Bibi Tabitha amesema la kwake hatakwenda kuuliza mwenyewe, niambiwe mimi. Ataniuliza mimi, na nitakalomwambia ataliamini. Nikikuta kwamba lako ndilo lililokuwa na dawa, na la kwake halikuwa na kitu, nimwambie?

Mjukuu wako,
Milembe