Madoa Juu ya Karavani la Baba

Nyumbani,
Mlango wa kijani, nyuma ya gereji.
Jumapili, tarehe 9, saa tano asubuhi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mama. U hali gani huko uliko? Kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kila baridi ikiingia kimetulia? Wifi hajambo? Na watoto, ambao mpaka leo nawajua kwa picha moja tu, wanaendeleaje? Waambie shangazi yao anawasalimu, na kwamba ile picha imeshika rangi ya vidole kwa kushikwa.

Sisi huku miili ni mizima. Mama magoti yanamsumbua, lakini bado anagombana na kuku wa jirani kila asubuhi, kwa hiyo ujue nguvu anazo. Mimi niko pale pale kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, nafua mashuka ya watu nisiowajua.

Barua yako tuliipata. Mistari minne, Kaka. Nilimsomea Mama mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alidhani nimeruka ukurasa. Sikulaumu kwa kutofika mazikoni kwa Baba. Safari ni ndefu na ulisema kazini hawakukupa ruhusa. Ila tulikuwa wachache pale kaburini, na mahali pako palikuwa wazi, nikasimama mimi. Nilitupa konzi moja ya udongo kwa ajili yako, halafu nyingine kwa ajili yangu. Niliona ni vizuri ujue.

Kuhusu karavani, kile kijumba cha magurudumu alichokuwa akilala Baba, uliandika livunjwe, vyuma achukue anayetaka, na hutaki kulisikia tena. Mama hakubisha. Alisema wewe ndiye mkubwa sasa, neno lako ndilo neno. Akaitwa mtu wa vyuma chakavu, akalizunguka mara mbili, akaligonga gonga ubavuni kama daktari, akaahidi kuja Jumamosi na mitungi yake ya gesi ya kukatia.

Hapo nikaomba niachiwe ile wiki. Usidhani nilikuwa na sababu kubwa. Ni ugonjwa wangu wa kazi tu: kitu hakitoki mikononi mwangu kikiwa kichafu, hata kama kinaenda kuvunjwa. Mama alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Alisema mimi ningemfulia nguo hata mwizi aliyeniibia kamba ya kuanikia.

Ndani nilimaliza kwa siku moja. Baba hakuwa na vitu vingi. Redio, koti la kazini, miwani iliyofungwa uzi mguu mmoja, na godoro lenye bonde la mwili wake katikati. Nilikaa kwenye lile bonde nikalia mpaka nikachoka, kisha nikatoa ndoo nje.

Likabaki paa. Na hapa, Kaka, nina aibu yangu. Miaka kumi na moja nimefua mapazia ya karavani lile kila mwisho wa mwezi, na hata siku moja sikupanda ngazi kuangalia paa. Mimi, mtu ninayeishi kwa madoa! Paa lilikuwa jambo lenu, lako na Baba, na sisi wengine tulilikwepa kama shimo la njiani.

Unayakumbuka kuliko mimi, lakini acha niyaandike ili tuwe tunazungumza jambo moja. Baba alikupa lile paa ulipake rangi peke yako, na alisema likitoka vizuri atakukabidhi chumba cha rangi pale gereji. Ulipaka mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, kwa siku tatu, rangi ya maziwa, na paa likang'aa mpaka likaumiza macho. Kisha tundu la hewa likaanza kuvuja juu ya kitanda chake, naye akaliziba pembeni kwa lami. Ulimwambia lami itayeyuka kwenye jua. Akakujibu kwamba yeye alishika brashi kabla wewe hujashika ziwa. Mwaka uliofuata paa zima likawa na michirizi ya kahawia, naye akasimama mbele ya wateja akasema rangi yako imeoza, hujui kazi na hutaijua. Wiki ile ile ukaondoka na begi moja.

Jumatatu asubuhi, kabla jua halijapata moto, nikaegemeza ngazi. Fundi wa kuchomelea wa jirani, yule tuliyekuwa tukimwita Mzee Cheche, akanifuata na brashi ya waya, msasa na chupa ya tapentaini. Akaniambia, "Binti, piga msasa mpaka bati lionekane, yaishe. Rangi yenyewe ilishakufa." Nikamwambia asante, aviweke chini, na chini ndiko vilikobaki. Kwetu madobi hatumwagi dawa kwenye doa ambalo hatujalijua. Unaweza kuondoa doa na shuka likaondoka nalo.

Nilianza pembeni, kwenye kona isiyoonekana, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Vumbi likatoka, kinyesi cha ndege kikatoka, michirizi ikanicheka. Nikaukwaruza mmoja kwa ukucha. Ulinata. Nikanusa kidole, na Kaka, nilikijua kile kitu kama ninavyojua harufu ya nyumbani. Nimekitoa kwenye maovaroli ya mafundi tangu nikiwa msichana. Ilikuwa lami.

Lami haitoki kwa nguvu, inatoka kwa subira. Nilipaka mafuta ya kupikia juu ya mchirizi, nikaacha mpaka ukalainika, nikafuta kwa kitambaa, nikapaka tena. Ndipo nikaosha kwa sabuni, nikasuuza haraka maji yasikaukie juu. Yale madoa meusi ya ukungu niliyapaka soda ya kuumulia mikate iliyokorogwa na maji kidogo, nikayapitia na sifongo laini bila kukandamiza. Siku nzima nilipata eneo la mlango mmoja. Mgongo uliniuma vibaya.

Lakini chini yake kulikuwa na rangi yako. Haikubanduka wala haikupasuka. Imefifia kidogo, nani asiyefifia kwa miaka kumi na moja, ila ni nzima. Nilimwita Mzee Cheche apande aone. Alipitisha kiganja, akashuka, akaiokota brashi yake ya waya akaondoka ameificha nyuma ya mgongo.

Ningetamani barua iishie hapo, nikupongeze, basi. Siwezi.

Jumatano nilifika katikati, kwenye tundu la hewa, penye lami nene kuliko kote. Nikakuta mtu amenitangulia. Palikuwa na sehemu ya mraba, ukubwa wa sinia, imeshasafishwa. Kingo zake zimenyooka kama zimepimwa na rula, na rangi ya maziwa imetulia katikati ya ule uchafu wote. Nikainua kifuniko cha tundu. Ndani kulikuwa na kikombe cha bati, kile Mama alichokitafuta wiki nzima akimsingizia jirani, kina mafuta ya kupikia yaliyoganda. Na kitambaa, kipande cha mkono wa shati lake la bluu la kazini, kimekunjwa mara nne.

Wewe unajua nani alikuwa akikunja kitambaa mara nne. Futa mara moja, geuza upande safi, futa tena. Alitufundisha wote wawili tukiwa hatujafika kimo cha meza.

Mama anakumbuka siku ile. Wiki tatu kabla Baba hajafariki, Mama alikuta ngazi imeegemezwa na Baba yuko juu, mzee wa umri ule, amepiga magoti. Alimfokea ashuke. Baba akasema alikuwa anaangalia panapovuja. Basi alikuwa ameshaona, Kaka. Miaka arobaini ya rangi. Kwa sehemu ile ya sinia tu alijua kwamba kazi yako ilikuwa nzima na kilichooza ni lami yake.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonikosesha usingizi, na naliandika haraka kabla moyo haujanigeuka. Siku moja baada ya Baba kupanda paa, nilikwenda kuchukua mapazia. Alikuwa ameketi mlangoni na kikombe cha chai. Akaniuliza, "Ile rangi ya paa, kaka yako aliinunua wapi?"

Nilidhani anaanza ugomvi wa zamani. Nikamkata. "Baba jamani, miaka kumi na moja! Si umwache mwenzio apumzike?" Sauti yangu ilikuwa kali. Akanitazama kidogo, kama mtu aliyefika mlangoni akakuta umefungwa. Kisha akasema chai imepoa. Nikachukua mapazia nikaondoka.

Hakuuliza tena, na mimi sikumfungulia. Baba hakuwa mtu wa kusema samahani, ungemng'oa jino kwanza. Lakini pale nadhani alikuwa anaitafuta njia, na njia ilikuwa kupitia kwangu, nami nikaiziba. Nisamehe, kaka yangu. Wewe umekaa miaka yote hiyo na neno lake la kwanza, na la pili lilikufa mikononi mwangu.

Jumamosi mtu wa vyuma alikuja na mitungi yake, nikamrudisha. Najua nimekwenda kinyume cha neno lako. Mama alisimama mlangoni, hakunizuia. Baadaye alisema kwamba karavani litavunjwa siku utakayopanda ngazi mwenyewe, ukaona, kisha ukasema livunjwe. Kabla ya hapo asiletewe mtu. Hakusema anataka kukuona. Unamjua Mama. Ila jana amefua mashuka ya kile kitanda chako cha zamani kwa mikono yake, akakataa nimsaidie.

Njoo, Kaka, hata kwa siku mbili, hata ukija na hasira zako zote. Paa ni safi lote sasa.

Mama anakusalimu. Shangazi yetu anakusalimu, masikio yameanza kumpotea lakini jina lako analisikia. Mzee Cheche naye ameniomba nikuandikie kwamba rangi ile ni kazi ya mtu, na kwamba amesema hivyo gereji nzima, kwa sauti. Msalimie wifi, wabusu watoto. Mungu akulinde kifua na safari zako, na akulainishie moyo taratibu, asiukwaruze.

Mimi mdogo wako, nikupendaye na nikusubiriye,

Dobi.

Nilitaka kufunga bahasha, nikakumbuka. Kile kitambaa nimekutumia humu ndani, kimekunjwa vile vile alivyokiacha. Kina lami upande mmoja, na rangi yako kidogo upande mwingine. Sikukifua.