Makasha ya Mama Hubertine Jacquemin

Mama, mwaka umetimia tangu ututoke asubuhi ile ya Oktoba, ukiwa kitandani katika chumba cha mbele, dirisha limefunguliwa kidogo kama ulivyopenda.

Watu wa mtaa wetu wa Outremeuse wanakukumbuka kwa mkasi wako. Saluni yako ilitengeneza nywele za mtaa mzima, na kila Jumatatu uliwanyoa wagane bure. "Kaa hapo, mzee," ulikuwa ukiwaambia. "Nani atakutazama ukiwa hivyo?"

Kila Jumapili ulifika kwenye soko la Batte kabla wauzaji hawajamaliza kupanga meza, ukitafuta bastola ndogo za mfukoni za zamani, zile zilizotiwa nakshi na mafundi wa hapa hapa Liège. Ulituonyesha maua na mbwa wa kuwinda waliochorwa kwenye chuma chembamba kama kidole. Lakini ulichohangaikia zaidi ni makasha yake ya asili. Siku ulipompata muuzaji mwenye kasha ulilolitafuta miaka mingi, ulitupikia mipira ya nyama ukiimba. Bastola ulizipanga kabatini nyuma ya kioo, makasha ukayaweka chini ya ngazi.

"Haya matupu ya nini, Mama?" Lambert alikuuliza.

"Matupu wapi? Pitisha kidole kwenye mahameli. Umbo la bastola bado limo."

Ulipovunjika nyonga ukalazwa, tulitaka ukirudi ukute nafasi ya kitanda huku chini. Tukasafisha mpaka chini ya ngazi. Makasha yalinuka ukungu, mahameli imeliwa na nondo. Sisi watoto wako watatu tuliyabeba kwa mikono yetu hadi jalalani. Odile alipokumbuka ulivyoyapenda, Lambert alirudi mbio. Mashine ya taka ilikuwa imeshayasaga.

Uliporudi ukaomba uletewe lile la mahameli ya kijani. Ghislaine akakujibu, "Tumeyapandisha darini, Mama. Tutakuletea." Uliomba tena, tukakuahidi tena. Ngazi ulikuwa huziwezi, na sisi tulilitegemea hilo.

Kisha rafiki yako Servais, muuza vitu vya kale, akaja na kasha alilolipata mnadani. Tulikuwa jikoni tukitengeneza kahawa, mlango uko wazi.

"Jaribu hili, Hubertine. Huenda ikaingia ile bastola yako ndogo."

"Haiingii. Hili lilitengenezwa kwa nyingine," ulisema. Halafu ukashusha sauti. "Yangu watoto walishayatupa. Niliona chini ya ngazi peupe siku ile ile niliyorudi."

"Na bado unawaagiza?"

"Nilitaka waniambie wenyewe. Sasa naona wanaogopa, basi nitaacha kuuliza. Na wewe usiwaambie kwamba najua. Wataumia."

Tulikuletea kahawa, Mama. Uliipokea, ukamsifu Odile kwa keki, na kweli hukuuliza tena. Tulikuwa na muda wa kupiga magoti kando ya kitanda chako, wiki baada ya wiki. Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze, mpaka ukaondoka ukiwa umetubebea aibu yetu.

Leo tunasema mbele ya watu wote, mahali ambapo huwezi kutujibu: ni sisi, Mama. Na tulikusikia.

Unakumbukwa na wanao Ghislaine, Lambert na Odile, mkweo Firmin, wajukuu zako Maëlle na Corentin, dada yako Léontine, na Servais, aliyeomba jina lake liwe pamoja na yetu.

Siku zetu zote tutakukumbuka.