Duara la Tatu

Yaya,

Kaka yangu mkubwa, ardhi ilitikisika tena Jumatatu asubuhi. Nilikuwa jikoni, hapa Gihosha, nachambua maharagwe. Pigo moja fupi, vikombe vikagongana. Majirani walidhani ni lori la saruji linapanda mlima. Mi nilijua. Nikaanza kuhesabu kama ulivyotufundisha, "Subhanallah" moja kwa kila sekunde, na nikakusikia ukinicheka: "Polepole, mudogo wangu! Unahesabu ama unakimbia?"

Nilipofika kumi, wimbi la pili likaja, zito, likaiyumbisha nyumba huku na huku.

Ulituambia kwamba mawimbi yote mawili huondoka pamoja, pale mwamba unapovunjika. La kwanza husukuma na kuvuta, nalo hukimbia. La pili hutikisa kwa upande, nalo hubaki nyuma; kila sekunde ya pengo kati yao ni karibu kilomita nane za umbali. Kumi, basi themanini. Na themanini ndiyo umbali wa mji wa Baraka, kwa mstari ulionyooka, anakokaa binti yangu Neema katika nyumba ya matofali mabichi. Nikampigia. Simu haikuingia.

Lakini hesabu hiyo hutaja umbali tu, haitaji upande. Nikatoa ramani yako ya kufundishia na bikari, nikachora duara. Zaina, mdogo wetu, alikuwa amehesabu kumi na tatu kule Kigoma. Nikachora la pili. Yakakatana mahali pawili: Baraka, ng'ambo ya ziwa, na milima ya kusini mwa Burundi.

La tatu siku zote lilikuwa lako, kutoka Gitega. Tulipoikimbia Kongo nililia kwamba tumetawanyika, wewe ukasema, "Sasa tunaweza kupima." Nilikaa mbele ya ramani ile, Yaya, nikakukasirikia kwa kufa kwako.

Simu ikalia. Mke wako.

"Wifi, nimehesabu tisa. Angekuwepo angeniuliza."

Tisa. Duara likapita milimani, mbali na Baraka. Nilishukuru, kisha nikaona haya, maana milimani nako kuna mama na binti yake. Neema alipatikana alasiri. "Mama, sahani mbili tu zimevunjika. Usilie, ni zile mbaya ulizotupatia wewe."

Bado nastaajabu. Mwamba umevunjika ndani kabisa, pasipofikiwa na jicho la mtu, na wanawake watatu wazee, kila mmoja nyumbani kwake, wamejua ni wapi. Wimbi lile la pili haliwezi kupita majini. Lililomfikia Neema lilipita chini ya Ziwa Tanganyika lote, ndani ya mwamba, gizani, wala samaki hawakuulizwa.

Mke wako alihesabu peke yake, nyumba ikiyumba, bila wa kumshika mkono. Wiki hii napanda Gitega. Nitakaa naye mpaka anichoke.

Mungu akupe utulivu, Yaya, ndani ya ardhi hii isiyotulia.

Mudogo wako